Mchanga wa Mama Neema

Jumamosi jioni

...na kumbe mke wangu alikuwa mwepesi mno kwa pikapu hii.

Niliiongezea malame mawili kila upande wa nyuma, vile vyuma vya springi vya kubeba uzito, kwa ajili ya mpunga wa Kiringye. Ikijaa inatulia kama kitanda. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi. Mama Neema alikuwa akishuka anajishika kiuno: "Baba Neema, gari yako inapenda mifuko kuliko minye bibi yako. Siku moja na minye unibebe muzuri."

Nilicheka tu. Nilimwambia aongeze kula. Mjinga mkubwa, na kitambi changu.

Leo tulimpeleka Kiringye kumzika kwao. Kutoka nyumbani Songo hatujamaliza hata mtaa wa Kilibula, jeneza likaruka mara tatu. Nikasimama.

Kaka yake akashuka nyuma. "Shemeji, iko nini? Padri iko anatungojea."

"Yeye iko mwepesi," nikasema.

Kando ya barabara walikuwa wanajenga nyumba. Nikawaomba mifuko kumi ya mchanga. Wanaume wenye suti walibeba mchanga mabegani. Tukaipanga huku na huku. Malame yakainama. Mpaka Kiringye, kwenye mashimo yote yale, jeneza halikutikisika tena.

Mchanga bado uko ndani ya gari, sijaushusha.

Kuupakia ilikuwa kazi ya robo saa. Na aliniomba miaka yote ile.