Litauzwa Kama Lilivyo

Tarehe 4 Machi

Kwako Dada,

Habari za miguu yako? Naanza nayo kwa sababu ukiulizwa habari zako utasema "nzuri", na miguu itaachwa nje ya jibu. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, na la kulia limeamua kuliunga mkono.

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa duka tangu Jumatatu: "Jengo la biashara. Duka mbele, stoo nyuma, vyumba viwili juu. Litauzwa kwa mnada wa hadhara, kama lilivyo." Dalali ametumia gundi kama anayeogopa jengo la marehemu baba litakimbia. Ni mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu, mtaani wameshampa jina la Kipaza. Akaniambia, "Mzee, watu watakuja kukagua. Kazi yako ni kufungua mlango tu."

Lakini Dada, unajua mtu alipanda ngazi hizi mara ya mwisho lini? Tangu mpangaji wa mwisho ahame, anayekuja ni mwenye cherehani iliyokwama, na huyo huishia kizingitini: "Fundi, itakuwa tayari lini?" Basi. Sasa kwa siku tatu wamekuja saba! Nimenunua vikombe vipya vinne. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alikaa saa nzima. Nilimwonyesha ufa wa ukuta wa nyuma, bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, na bati linalovuja juu ya kitanda changu. Si imeandikwa kama lilivyo? Nikamwonyesha kama lilivyo.

Mdogo wako


Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru u mzima, wewe na magoti yako yote mawili. Miguu yangu ipo. Wazee ninaowaogesha huku wameanza kuniuliza nani amshike nani.

Sasa sikia, wewe mtoto wa miaka hamsini na minne. "Kama lilivyo" maana yake mnunuzi afumbue macho yake mwenyewe, si wewe umshike mkono umpeleke kwenye ufa! Nakujua. Ukipata msikilizaji utamweleza hata panya wanalala upande gani. Funga mdomo, fungua mlango. Na mnada ukiisha niandikie siku ileile, maana kwenye simu unasema "nzuri, nzuri" kisha unakata.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Kwako Dada,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila mwoga. Ulisema siku ileile, na leo ni siku ya saba.

Watu walijaa mpaka barabarani. Kipaza alipanda juu ya kigoda changu cha kazi, na bahasha yenye bei ya chini tuliyokubaliana mimi na wewe ikiwa mfukoni mwake. Dau likaanza kupanda vizuri. Mama wa vitambaa akapandisha, mwenye magodoro akamjibu. Halafu mama akanigeukia mbele za watu: "Fundi, lile bomba umelitengeneza?"

Nikasema, "Bado linakohoa, mama. Jana limeanza na kupiga chafya."

Wakacheka, nami nikacheka. Dau likakwama hapohapo kama sindano iliyokutana na kifungo. Kipaza akaita mara ya kwanza, mara ya pili, akafungua bahasha, akachungulia, akaikunja tena. Halikufika. Watu wakatawanyika, nikabaki naosha vikombe.

Nililala usingizi mzuri. Sijui kwa nini nakueleza hilo.

Mdogo wako


Tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Ni mzima, na sitazunguka.

Kipaza ameniandikia. Watu kumi na saba wamekagua, na kila mmoja ametoka na hadithi ya ufa. Anasema, "Mdogo wako hauzi jengo, anapokea wageni." Nilicheka. Kisha nikalia, jikoni kwa watu, nimefungulia maji wasinisikie.

Nimechoka. Nilitaka fungu langu nipate kuacha kazi hii nirudi. Sikukuambia kwa kuwa niliona aibu, miaka yote hii nikikuandikia kwamba huku ni kuzuri. Si kurudi kwenye jengo lile. Ngazi zile miguu yangu haiziwezi tena. Nilifikiri tutapanga vyumba viwili vya chini, popote pale, tuzeeke tukigombana.

Wewe unakaribisha watu baki usiwe peke yako, na kila unayemkaribisha ananisukuma mimi mbali zaidi. Fanya utakavyo. Jengo ni letu sote.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Kwako Dada,

Nakusalimu kwa adabu, leo sina mzaha.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikujua. Laiti ningejua! Lakini nisijifiche nyuma ya neno hilo. Siku za kwanza ulikuwa ujinga, baadaye ukawa ujanja. Lile bomba lilitaka kubadilishwa mpira mmoja tu, na mpira ulikuwa kwenye droo yangu muda wote. Nilikuwa nikiogopa hawatakuja tena.

Leo nimeubadilisha. Haikuchukua hata dakika kumi, na hilo ndilo linaloniuma. Ufa nimeuziba, na kwa kazi ya bati nimemlipa mtu, maana magoti hayakukubali kupanda. Kipaza amepanga mnada mwingine mwezi ujao. Nijibu. Hata kwa hasira, nijibu.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Kwako Dada,

Hujambo? Hujanijibu, kwa hiyo nakuuliza mara mbili: hujambo?

Limeuzwa. Kipaza alinisimamisha ng'ambo ya barabara kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mama wa vitambaa alivuka kuja kuniuliza habari za paa. Nikamwambia, "Muulize dalali, mama." Akanitazama kama anayeniona mgonjwa. Bei ya bahasha ikapitwa, nyundo ikagonga, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kama vile limeuzwa la mtu mwingine.

Fungu lako Kipaza amelituma. Mimi nimepanga vyumba viwili nyuma ya kinyozi. Ngazi hakuna hata moja, kuna kizingiti tu, nacho nimekichonga kiwe chini zaidi. Kule juu nilikijua kila kinacholia usiku. Huku kimya chake sijakizoea. Nikiongea, anayenisikia ni cherehani.

Nimenunua vitanda viwili. Chumba cha dirisha kina mwanga na kelele za kinyozi. Cha mlangoni kimetulia ila kina giza. Nalala sakafuni, sitaki kuchagua kabla yako. Ukiwa umebadili nia nitakuelewa, cherehani zitapata pa kukaa. Lakini niambie tu: dirishani au mlangoni?

Mdogo wako


Tarehe 19 Julai

Mdogo wangu,

Ni mzima, miguu pia.

Dirishani. Usinijibu, barua haitanikuta.

Dada yako