Siku Waliponiacha Nimalize

Mdogo wangu Solveig,

Ziwa limeganda, na kutoka dirishani kwangu watu wanatembea juu yake kama wako ndotoni. Paka amenenepa.

Jana nilitoa mhadhara wa kuaga chuoni, maana nastaafu. Unatujua sisi wachumi: hufiki sentensi ya pili hujakatizwa, na hiyo ndiyo heshima yetu. Miaka yote nikieleza kwa nini watu hukimbilia benki kutoa akiba kwa sababu tu jirani amekimbia, Feldman wa idara yetu hajaniacha nipumue. “We mama, hayo umeyatoa wapi?” Nami namrudishia: “Kaa chini, zee la hesabu!”

Jana alinyamaza. Wote walinyamaza. Theluji ilikuwa ikidondoka, sauti yangu ikielea, nikajiona kama naogelea. Wakasimama kunipigia makofi.

Kwenye ngazi Feldman akanishika mkono. “Greta, dada yangu, ile sehemu ya kwanza uliirudia yote. Ukairudia tena, kama vile hujaisema.”

“Sasa mbona hukunikatiza?”

Akanichukulia mkoba, akanishusha ngazi polepole.

Ukija Krismasi, Solveig, nipigie kelele kama zamani mezani kwa mama. Tafadhali, usiniache nimalize.

Dada yako,
Greta