Mwendo Usio wa Mama

Chanika, Jumapili

Kwako Dada Munira,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Tanga, pamoja na shemeji, na kikohozi cha mtoto kimepoa. Sie huku alhamdulillahi. Mama anakula, na pale walipomkata mguu panafunga vizuri. Tangu juzi ananigombeza kwa kumpa chai isiyo na sukari, kwa hiyo nadhani anapona.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijamaliza. Nimesikia umezikataa salamu za Hamisa, ukasema jirani wa namna ile ni adui. Naomba unisikilize kwanza.

Unakumbuka nilimpa Mama simu ya utafiti wangu wa chuo. Ilikuwa inapima anavyotembea, tujue kisukari hakijamlaza, nami nijifunze kufanya hivyo bila kumaliza chaji. Simu yake ndogo ya kitochi ilikuwa imekufa, lakini nilimkataza kupigia hiyo simu mpya, maana angenivurugia vipimo. Unamjua Mama, akatii. Mie nami nikaacha kumpigia. Ulipoulizia hali yake, nilitazama kompyuta nikakujibu kwamba anatembea kuliko mie.

Kumbe mwiba ulimchoma shambani, kidonda kikagoma kupona, akashindwa kutembea. Aliogopa nikiona simu imetulia nitaacha mitihani na kukimbilia Chanika. Ndipo akamwomba Hamisa aifunge kwenye khanga, azunguke nayo akiuza mihogo. Hamisa anasema alikataa mpaka Mama akalia. Kila jioni alimsihi waende hospitali, na Mama akajibu kwamba wanisubiri mie nimalize mitihani kwanza.

Sasa, Dada, nikwambie nisilomwambia mtu. Simu ile niliiwekea ulinzi: inamtambua mwenyewe kwa mwendo wake, ili ikiibwa ijulikane. Siku ya kwanza tu Hamisa alipoibeba, iliniletea ujumbe kwamba anayetembea siye Mama. Kesho yake ikarudia. Sikumpigia mtu kuuliza. Nilidhani ni kosa la programu yangu, tena ulinzi ule ulikuwa unakula chaji, nikauzima. Chaji ikadumu, na msimamizi wangu akanisifu sana.

Mama alipozinduka baada ya upasuaji, neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba radhi kwa kuniharibia masomo. Nikamjibu kwamba yameisha. Nilimsamehe, Dada! Naona haya mpaka kumtazama usoni nashindwa. Leo nitamwambia yote, lakini nimeanza na wewe, kwa sababu Hamisa anakuja kila asubuhi kumwogesha, na anaondoka bila kuinua macho.

Basi hasira zako zilete kwangu, yeye mrudishie salamu zake. Msalimie shemeji, na watoto wabusu. Mama anakusalimu sana. Simu ile nimefuta vipimo vyote nikamwachia iwe yake. Nilipompa aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kumpigia Munira.

Mdogo wako,
Twaha