Nyuma ya Karatasi ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa moyo, sijui nikuambieje. Tafadhali kaa kitako kwanza. Na usimsomee shemeji kabla hujaimaliza mwenyewe, nakuomba sana.

Unajua chama cha sataranji kimenipa kazi ya kuandaa kitabu cha miaka sitini ya mashindano ya mabingwa. Nashinda stoo kutwa nzima, nimezungukwa na maboksi, kila mwaka na boksi lake, nikipiga chafya na kutazama picha za wanaume kumi na wawili wenye suti, wamekodolea ubao macho utadhani umewatukana. Mengine nilikuwa siyajui. Enzi hizo, mchezo ukimaliza masaa matano bila mshindi uliahirishwa mpaka kesho yake. Mwenye zamu hakuicheza hatua yake mbele za watu. Aliiandika kwa siri kwenye karatasi yake ya mchezo, akaitia kwenye bahasha, akaweka sahihi pale kwenye gundi, na mwamuzi akalala nayo. Kompyuta zilipokuja utaratibu huo ukafa, maana nani angekubali kulala bila kwenda kuuliza mashine?

Jumanne nikafungua boksi la mwaka ule. Sina haja ya kukutajia ni mwaka upi. Baba alihitaji sare tu awe bingwa, bahasha ikafunguliwa, ikatoka hatua ya mfalme. Akaruka juu ukumbi mzima ukimtazama, akasema yeye aliandika hatua ya kete ya ngome, na kwamba mwamuzi, Mzee Miwani, kambadilishia karatasi na kuiga sahihi yake. Akasusa, muda wake kwenye saa ya mchezo ukaishia pale pale mezani, akahesabiwa kashindwa. Chama kikaogopa kashfa, kikaifungia bahasha, na Mzee Miwani akaambiwa apumzike. Hakuitwa tena kuamua mchezo hata wa watoto wa shule.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Zilibaki wiki tatu uolewe na mwana wa Mzee Miwani. Baba akasema binti yake hawezi kuingia nyumba ya wezi, na mimi na mdomo wangu huu nikawa mstari wa mbele kumwita mzee wa watu mwizi. Wewe ulilikunja gauni ukaliweka kabatini, ukaenda kuosha vyombo.

Dada, bahasha bado imo. Na chini yake kuna faili la barua ishirini na saba, moja kila mwaka, zote za Mzee Miwani. Anaomba jambo moja tu: waigeuze karatasi. Hakuna barua hata moja iliyojibiwa! Watu wazima na akili zao wamekaa ofisini miaka yote hiyo, na hakuna aliyenyoosha mkono akageuza karatasi.

Basi nikaigeuza. Mbele kuna hatua arobaini na moja za mchezo. Nyuma kuna mwandiko wa Baba, ule ule wa kuegemea kushoto kama unataka kuanguka: viti mia mbili, keki ya ngazi tatu, mwulize fundi kuhusu gauni, viatu vya Bibi Harusi namba thelathini na nane. Alikuwa anapanga harusi yako, Dada, wakati mpinzani wake anafikiri! Karatasi ni yake mwenyewe, haikubadilishwa na mtu. Nilikaa juu ya boksi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumatano nikampelekea Baba. Nilitegemea apige kelele kama kawaida yake. Hakupiga. Aliitazama ile orodha, akavua kofia, akasema alijua tangu siku ile ile. Alikuwa anashuka ngazi za hoteli ya mashindano, ameshasusa, alipokumbuka kwamba kichwani alikuwa na ngome, mkono ukaandika mfalme, kwa sababu nusu ya akili yake ilikuwa kwenye viti. Aliona aibu ya kupoteza ubingwa kwa kosa la mwanafunzi. Akasema maneno yale yalimtoka kabla hajayafikiria, na yalipotoka hakujua ayarudisheje.

Nilidhani amemaliza. Hajamaliza. Akaniambia kwamba siku chache baadaye Mzee Miwani alikuja nyumbani peke yake, akamweleza kwa upole kuwa alimwona akiandika orodha ile, kwamba wao ni wakwe, yaishe kimyakimya, Baba aseme tu alichanganyikiwa. Na hiyo ndiyo sababu harusi yako ilivunjika. Baba hakuwa na hasira, Dada. Alishindwa kufikiria kukaa meza moja na mtu anayejua, sikukuu hadi sikukuu, maisha yake yote. Ananiambia hayo huku analia, nami nilishindwa hata kumpa leso.

Alinisihi ningoje mpaka tumzike yeye. Nimekataa. Mzee Miwani ana miaka themanini na minne, yuko kwa mwanawe, na mwaka huu barua yake imeandikwa na mtu mwingine kwa sababu mikono inatetemeka. Kitabu kinaingia kiwandani Ijumaa. Ukurasa nimeshaupeleka, na picha ya nyuma ya karatasi imo. Kama utanikasirikia, nikasirikie, nimezoea.

Sasa lililobaki, na ndilo linalonitoa jasho hata ninapoandika. Kila mchezo wa kitabu hiki tunaupitisha kwenye kompyuta na kuchapa majibu yake. Magazeti yote ya wakati ule yaliandika kwamba hatua ya mfalme ilikuwa kosa la mwaka, na waliofuata wakanakili bila kuangalia. Leo mchana kijana wa kompyuta kaniita nije nione. Nimemwambia arudie. Karudia mara tatu. Hatua ya mfalme ilikuwa salama, sare bila ubishi wowote. Ile ya ngome, aliyoapa kwa watu wote kwamba ndiyo aliyoiandika, ndiyo ingempotezea mchezo.

Angekaa tu kwenye kiti chake, Dada. Angekuwa bingwa, na wewe ungeolewa kwa viti mia mbili.

Baba hajui. Atalisoma hilo kitabuni, tusipomwambia wenyewe. Najua sina haki ya kukuomba, lakini panda basi Jumamosi uje. Mimi peke yangu siwezi kumtamkia.

Wapokee salamu zetu shemeji na watoto, na Mama mdogo anakusalimu sana. Yeye hajui lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku