Saa Aliyozaliwa Médiatrice

Overport, Durban
8 Februari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila saluni inanichosha.

Kumaran, yule fundi redio niliyekuandikia habari zake, ameniposa. Usicheke! Mama yake ni Mhindu wa kushika dini, na jikoni kwake kuna kalenda yenye saa njema na saa mbaya za kila siku. Kila siku ina muda mbaya wa saa moja na nusu, wanauita Rahu, na humo hakianzishwi kitu, hata nywele hakubali nimsuke. Anataka siku na saa niliyozaliwa, kuhani wao atazame kama tunapatana. Siku ninayo, tarehe mosi Juni 1972. Saa sijui. Niandikie upesi.

Mwanao, Médiatrice


Ulyankulu, Tanzania
15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini jembe linashikika. Mahindi yamestawi. Jirani Henriette amepata mjukuu, mnene ajabu. Huyo Kumaran anakula ugali? Usizidishe pilipili, tumbo lako nalijua.

Mama yako


Overport
6 Aprili

Mama, shikamoo.

Ya mahindi nimefurahi, lakini saa je? Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama yake Kumaran ananiuliza kila Jumapili, anadhani naficha kitu. Hata ukikisia tu, asubuhi au jioni. Namtaka huyu, Mama.

Mwanao


Ulyankulu
2 Mei

Médi wangu,

U mzima? Mimi usingizi sipati.

Sikukuzaa mimi. Mwaka ule wa mauaji tulikuwa tunaikimbia Burundi, nikakukuta njiani, mgongoni mwa mama aliyeanguka kifudifudi, amekufa. Wewe ulikuwa hai, hata mwezi hujamaliza. Wangu nilikuwa nimemzika siku tano kabla, maziwa yalikuwepo. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Kati yetu tuliokuwa tunakimbia, Mwalimu Barthélemy peke yake alikuwa na saa ya mkono, na alinifokea kwamba tunachelewa. Tarehe unayoijua ni hiyo. Ya kuzaliwa siijui. Nisamehe, niliogopa hutaniita tena mama.

Mama yako


Ulyankulu
19 Julai

Mwanangu,

Shikamoo yako sijaipata tangu Aprili. Unaumwa? Andika hata neno moja, hata la hasira.

Mama yako


Overport
30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Nilikukasirikia, nikalia, nikachoka.

Kisha nikapeleka hiyo saa, Alhamisi saa nane, maana sina nyingine. Kuhani akasema imeangukia katikati ya Rahu. Kumaran akanivuta pembeni: "Eish, sema tu saa tisa na nusu, nani atajua?" Nikamwambia hiyo ndiyo saa niliyopata mama, siisogezi. Akaangalia viatu vyake. Hajarudi tena. Bado namlilia, sikudanganyi.

Msamaha usiombe. Niambie tu jambo moja: yule mama, ulimgeuza ukamwona uso?

Mwanao, Médiatrice