Taa za Kijani za Kibondo

Jumatatu, 3 Machi

Chai, chapati ya jana, dashibodi. Seva mbili za kumbukumbu za wagonjwa hapa Kasulu, moja Kibondo. Zote kijani. Tangu nibadilishe swali mwezi Januari sijapata kengele hata moja ya uongo. Wiki iliyopita Mama Sharifa, mkuu wetu, alisema kikaoni kwamba sasa ofisi inapumua. Nikatembea siku nzima kama mimi ndiye niliyeleta umeme wilayani.

Zamani chombo cha uangalizi kiliipa kila seva kazi: andika neno kwenye diski, kalisome, uniletee. Mtandao ukichechemea jibu linachelewa, simu yangu inalia. Ililia chooni. Ililia kanisani padri akiwa ameinua kikombe. Nikachoka. Sasa kinauliza kitu kimoja tu, uko hai? Seva ikijibu nipo, taa ya kijani. Na ikinyamaza, kinasubiri dakika tano kabla ya kunisumbua. Programu ni huria, hakuna wa kumwomba ruhusa. Unafungua faili, unaandika utakavyo.

Bukuru akapiga saa mbili kamili. Yeye ndiye mtunza chumba cha seva Kibondo, zamani alikuwa fundi wa jenereta. Salamu zake hazina mwisho. Mwakeye, mama. Nyumbani? Watoto? Kazi? Mvua ya huko? Nikamkatiza, nikauliza seva inaendeleaje. Salama, akasema. Nikamshukuru, nikakata.

Jumanne, 4 Machi

Umeme wa hapa umekatika mara mbili. Betri zimeshika. Kijani.

Yustina amepiga kutoka Kibondo. Mimba ina wiki thelathini na nne. Miguu inauma, mumewe yuko machimboni, na amechoka kila mtu kumpimia tumbo kwa macho na kumtabiria mtoto wa kiume. Mdogo wangu huyu nampenda kuliko ninavyomwambia. Atajifungulia kwenye kituo cha afya cha huko, kinachotumia seva yetu.

Aliuliza kama abebe ile kadi yake ya zamani, yenye maandishi mekundu: ASIPEWE PENISILINI. Alikuwa na miaka sita sindano moja ilipomvimbisha koo. Baba alikimbia naye mgongoni, mimi nyuma nimeshika viatu vyake. Sijasahau ile sauti ya pumzi yake. Kadi sasa imeloa, imechanika kwenye mkunjo. Nikamwambia iache nyumbani. Si ulimweleza muuguzi tarehe ishirini ya mwezi uliopita, akaingiza yote kwenye kompyuta? Basi iko kwenye wingu. Karatasi inaloa, wingu haliloi. Akacheka. Mimi pia.

Jumatano, 5 Machi

Majivu kanisani asubuhi. Mama Sharifa naye amefunga. Ofisi nzima hakuna anayetaja chakula.

Nimeona kitu. Diski ya Kibondo imejaa asilimia sitini na moja. Jana sitini na moja. Juzi, nimeangalia, sitini na moja. Wauguzi wanaandika kila siku, lazima ipande kidogo. Hizi za hapa zinapanda.

Labda wako semina. Labda ni chombo tu kinachosoma vibaya. Taa ni ya kijani.



Alhamisi, 6 Machi

Sitini na moja.

Nimefungua mchoro wa mwezi mzima. Mstari wa Kibondo ulinyooka tarehe kumi na saba Februari, na tangu hapo umelala kama kamba ya kuanikia nguo. Nikaingia kwenye seva kwa mbali. Inajibu upesi, kwa adabu. Nikaiambia iandike neno. Tayari. Nikaiambia inisomee. Ikanisomea. Nikashusha pumzi, nikaenda kunywa maji.

Nikarudi nikaitazama diski yenyewe. Neno langu halipo. Seva ilinisomea kutoka kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika mashine ikizima. Diski imekataa kupokea kitu tangu tarehe kumi na saba, na kwa kuwa haikuandika, haikutuma nakala Kasulu. Muuguzi anabonyeza hifadhi, skrini inamwambia imehifadhiwa, anamwita mgonjwa mwingine. Tangu siku hiyo mashine imezima na kuwaka mara tatu. Dakika mbili mbili. Chombo changu kinasubiri tano.

Nikatafuta jina la Yustina. Lipo, la mwezi Januari alipoandikishwa. Ya tarehe ishirini hakuna. Sehemu ya mzio ni tupu. Na ikiwa tupu, skrini inaandika kwa maneno: Hakuna mzio.

Naogopa. Nimempigia Yustina, hapatikani, simu yake haikai na chaji. Ningepiga kituoni. Sikupiga. Kupiga kituoni ni kumwambia muuguzi, naye atamwambia Mama Sharifa kabla yangu, na Mama Sharifa atauliza nani alibadilisha swali. Nimejiambia bado wiki sita. Nimejiambia kesho nitatengeneza kimyakimya, asijue mtu.

Naandika haya ili niyaone. Ni uoga, hauna jina jingine.

Ijumaa, 7 Machi

Bukuru, saa mbili kamili. Mwakeye, mama. Nyumbani. Watoto. Kazi. Mvua. Leo sikumkatiza, sikuwa na nguvu ya kumkatiza. Nikauliza seva. Salama, akasema. Nikabaki nimeshika simu kama mjinga. Naye akabaki. Akakohoa.

“Ila sasa, mama, ile mashine inakwaruza. Kama kisu kwenye sufuria. Wiki ya tatu hii.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Nilikuwa nafika hapo kila siku, nakuta umekata.”

Hakuwa na hasira. Mimi ni Muha mtoto wa Waha. Kwetu hata mwenye msiba ukimsalimia anakujibu salama kwanza, maana salamu ni salamu. Shida inakuja baadaye, ukishakaa. Nimekua nikilijua hilo. Nimekata simu ya mtu huyu kila asubuhi baada ya neno la kwanza, kisha nikaifundisha na mashine kufanya vilevile.

Nikaenda kwa Mama Sharifa. Nilieleza nimesimama. Hakupaza sauti. Alivua miwani, akauliza ni wagonjwa wangapi. Nikasema sijui. Akauliza nimejua lini. Nikasema jana. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa.

“Jana saa ngapi, mwanangu?”

Kisha akaniagiza nipige Kibondo sasa hivi, waache kuamini skrini, waulize kila mtu upya. Simu ya kituo ilikuwa inatumika, inatumika, inatumika. Nikiwa napiga, simu ikaingia. Jirani wa Yustina. Chupa imepasuka tangu alfajiri, wamempeleka kituoni kwa bodaboda, kadi haikuonekana.

Chupa ikipasuka mapema hivyo, mama anachomwa dawa ya kuzuia maambukizi. Dawa ya jamii ya penisilini. Hilo hata mimi fundi wa kompyuta nalijua, fomu yake niliitengeneza mwenyewe.

Nikampigia Bukuru. Akaanza: mwakeye tena, mama. Nikapiga kelele. Kimbia kituoni, Yustina ni mdogo wangu, asichomwe penisilini. Simu ikakatika. Sijui kama alisikia lote.

Naandika ndani ya gari la ofisi. Tope. Mtandao hakuna. Tumepita lori lililokwama limelalia ubavu, watu wamekaa juu ya magunia wanatutazama. Sijui Yustina yuko vipi. Nasikia ile pumzi ya miaka sita. Mungu, usichukue hesabu ya jana.

Jumamosi, 8 Machi

Yuko hai. Naandika hilo kwanza.

Sindano ilikuwa imeshaingia. Muuguzi wa zamu alitazama skrini: Hakuna mzio. Hata hivyo alimuuliza, kuna dawa inayokudhuru? Na Yustina, katikati ya uchungu, akajibu mmeshaandika kwenye kompyuta. Muuguzi akaitazama skrini mara ya pili. Hakuna mzio. Akachoma. Simlaumu. Alifanya nilichomfundisha.

Uso ukaanza kuvimba, akadhani ni kusukuma. Ndipo Bukuru akaingia, mzee wa nyonga mbovu, amekatiza uwanja wa mpira kwenye matope na kiatu kimoja. Muuguzi anasema hakumsalimia mtu. Alisimama mlangoni anapiga kelele penisilini, penisilini, mpaka ikaeleweka. Dawa ya kuokoa ilikuwepo kwenye trei. Wakamchoma pajani, wakampa oksijeni. Mtoto alizaliwa saa tano na nusu. Wa kike, mdogo mno, analia.

Nilifika saa nane. Sikumtambua kwa sura hadi nilipoona mikono yake. Midomo imevimba, anaongea kwa shida. Nilitaka kusema mengi. Akasema yeye.

“Dada, uliniambia kadi niiache.”

 Nimeshinda hapo kando ya kitanda nikimhesabia pumzi. Nje wanawake wa mjini walipita na vitenge vya sare kwenda kwenye sherehe ya Siku ya Wanawake, wanaimba. Nilifunga pazia.

Jumapili, 9 Machi

Yustina amekunywa uji. Amegeukia ukuta, lakini amekunywa.

Mimi na Bukuru tumefungua mashine. Diski inakwaruza kweli, hata mtoto angesikia. Tumeing'oa, tumeweka nyingine. Nimerudisha swali la zamani: andika, kasome, niletee. Simu imelia mara nne kabla ya mchana, zote za bure. Ilie tu.

Yaliyopotea hayarudi. Kilichobaki ni daftari la mapokezi, lile la mlinzi, maana mlinzi hajawahi kuamini kompyuta. Lina majina na vijiji tu. Wajawazito waliopita tangu tarehe kumi na saba ni thelathini na wanane. Waliyomwambia muuguzi, nani anavuja damu, nani presha, nani alifiwa na mtoto mwaka jana, kwa yote skrini ilisema imehifadhiwa, na hayapo.

Mama Sharifa amepiga simu. Barua ya onyo itakuja, amesema, na ni haki yangu. Hanifukuzi bado. Kwanza niwatafute wote, nyumba kwa nyumba. Bukuru atanionyesha njia.

Usiku wa jana niliota taa za kijani.

Jumatatu, 10 Machi

Saba tumewapata. Mmoja hayupo, amehamia kwa mama yake, ng'ambo ya bonde. Mwingine tulimkuta analima na tumbo la miezi minane. Wote wazima. 

Jumatano, 12 Machi

Kitahana. Nyumba ya ishirini na mbili. Mvua nyembamba.

Mama mwenyewe ni mdogo, mimba ya kwanza, amekaa barazani anamenya mihogo. Bukuru akaanza. Mwakeye. Nyumbani. Shamba. Wazazi. Mvua. Akajibu moja moja, kisu hakikusimama. Nikapewa kigoda. Nikauliza, na wewe unaendeleaje?

“Nzuri tu.”

Kalamu ilikuwa mkononi, na jina lake mbele yangu likisubiri alama. Bado kumi na sita, na njia ni ndefu. Sikuandika. Bukuru naye akatazama maji yanavyochuruzika kwenye bati. Mama yule akamenya muhogo mmoja, akautupa kwenye beseni. Akamenya wa pili.

“Ila kichwa,” akasema. “Kinaniuma tangu juzi. Na macho yanaona vimulimuli mchana.”

Bukuru akainuka taratibu kwenda barabarani kutafuta gari. Mimi nikamwomba kadi yake. Hizo ni dalili za presha ya mimba. Nikaziandika kwa wino, herufi kubwa, nikamsomea nilichoandika, nikaikunja kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia aibebe mwenyewe, asimpe mtu.