Injini ya Boti Kabiria

Jumatatu, 3 Februari

Leo imeingia kwa gereji yangu kazi ambayo Kabiria, Nairobi hii, haijawahi kuona. Injini ya boti! Imekuja na basi kutoka Lamu ndani ya gunia, Mohdhar akaileta na pikapu mpaka mlangoni. Mohdhar ni yule wa duka la vitambaa huko tao, katikati ya jiji, nilimtengenezea jenereta mwaka jana. Injini ni ya ndugu yake, Aqil, wa Faza, kisiwani. Inawaka, inakohoa, inazima. Mafundi wawili huko kwao wameshindwa.

Si mchezo lakini. Dada yao, Mgeni, ana mimba ya miezi minane, na mtoto wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa. Hospitali iko ng'ambo, Lamu, na boti ya Aqil ndiyo gari yao. Mohdhar akasema, "Dada yangu, namwachia Mungu na wewe." Nikamwambia hii hata Mungu asisumbuke, niachie mimi. Akasema astaghfirullah, halafu akacheka. Si sana.

Jumanne, 4 Februari

Sijawahi kuona bahari. Na iwe! Sijawahi kuwa ng'ombe na maziwa nakunywa. Hii ni two-stroke tu, kama zile mashine za kukata nyasi za Kileleshwa ambazo zinanilipia rent. Petroli na oil, plagi, kabureta. Basi.

Nimepata ugonjwa kabla ya chai ya saa nne! Mpira wa mafuta umepasuka — ufa mdogo, hauonekani mpaka uukunje — unavuta hewa. Nimeweka mpya. Kabureta ilikuwa na chumvi, nimeiosha. Nikaifunga kwa drum ya maji, nikavuta kamba. Moja, mbili, tatu — ikawaka!! Wapangaji wa ploti yote nje. Hannah wa mboga akauliza hiyo meli inaenda wapi. Riruta, nikamwambia, panda.

Ila inatoa moshi mwingi. Ukiipa mafuta yote inakuwa nzito. Plagi imetoka nyeusi, imelowa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeongea na Aqil kwa simu. Sauti ya upole, na Kiswahili cha kunyooka mpaka nikaona aibu na changu. Akasema kama ni mpira basi ni mpira tu, kabureta imekuwa nzima miaka yote, nisibadilishe kitu ndani. Nikamwambia mgonjwa hajiandikii dawa. Fundi ni nani hapa?

Hii kitu inakunywa mafuta kupita kiasi, hata kipofu angenusa. Nimetoa jeti — kile kidude cha shaba chenye katundu ka kupitisha petroli — nikaweka nyingine ya katundu kadogo. Wacha! Moshi kwisha. Inalia kama cherehani. Plagi sasa ni rangi ya chai ya maziwa, vile inatakikana. Nimeiacha ingurume dakika ishirini. Ephantus, mwenye nyumba, akaja kunifokea juu ya ile drum, kumbe yalikuwa maji ya ploti nzima na mfereji unafunguliwa Jumamosi. Nimemwambia siku moja atajivunia kuwa na mimi hapa. Akasema siku hiyo nimwamshe.

Jumamosi, 8 Februari

Imeondoka. Desturi yangu ni kufunga spea kuukuu kwa karatasi na kumrudishia mwenyewe, kila kipande, maana hapa Nairobi fundi ni mwizi mpaka aonyeshe si mwizi. Mohdhar akakataa. "Kaa nazo, dada. Mimi sikukagui." Kwao eti ukishamwamini mtu, kumkagua ni kumtukana. Nilifurahi mno. Jeti ya Aqil nikaitupa kwa kopo la misumari. Ameniletea halwa. Nimeimaliza peke yangu.

Jumatatu, 10 Februari

Aqil ameifunga leo, ameijaribu polepole karibu na gati. Mohdhar amepiga: inawaka kwa kamba moja! Nani mwingine, Nairobi hii? Sijisifu. Aah, najisifu.

Jumatano, 12 Februari

Musili, wa boda hapa stage, amenunua pikipiki Mombasa, imefika leo. Moshi mweusi, nguvu hakuna. Hata sikuinuka kwa kiti. Nikamwambia Mombasa ni chini, hewa ni nzito. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo petroli inazidi. Tutapunguza, itatulia.

"Na nikirudi nayo Mombasa?"

Usirudi nayo hivyo, nikasema, itakosa petroli, utachoma piston —

Nikasimama.

Mungu wangu. Injini ya Aqil ilipona Jumanne, na ule mpira. Moshi ulikuwa wa hewa ya Kabiria. Nimeitengenezea hewa ya hapa na iko baharini. Akiipa mafuta yote, na watu ndani, piston itashika moto na kukwama. Katikati ya maji.

Nikapiga. Aqil akashika mara ya pili. Yuko gatini, ana haraka, Mgeni ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, wanamshusha botini. Nikamsikia mwanamke akilia. Boti nyingine? Zote zimetoka, zitarudi jioni.

Sijawahi kumwambia mteja nimekosea. Nimemwambia. Nusu ya mwendo, asizidishe hata kidogo. Choki, ile ya kubana hewa ili petroli izidi, aivute nusu, aiache hivyo mpaka Lamu. Ikitoa moshi ashukuru. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Akauliza, "Una hakika, dada?" Nikasema ninayo. Akauliza tena. Nikasema ninayo, Aqil, nendeni.

Hiyo ya choki sijawahi kuijaribu. Ni hesabu ya kichwa tu.

Waliondoka saa nane. Alisema kwa nusu mwendo ni masaa matatu, yaani wafike saa kumi na moja. Nimempigia Mohdhar nikamwambia yote, akasema anaenda kuswali. Musili bado amekaa hapa, hata haulizi pikipiki yake. Jeti ya Aqil, ile ingefaa huko, nimeitoa kwa kopo, iko mkononi, imepata joto. Saa tisa na dakika ishirini. Simu hailii. Saa tisa na nusu.